Bawa la Pili la Joka

Mvua ilipiga madirisha ya treni. Mshonaji aliyekuwa akienda darasa la jioni alifungua daftari adurusu, lakini hakusoma hata mstari. Kwenye kiti cha mbele yake, fundi simu alikuwa akimweleza mzee wa pembeni kwa nini joka maarufu la mchezo wa kwenye simu lina bawa moja.

"Ni ishara, mzee wangu. Bawa linalokosekana ni mkewe aliyekufa. Tumelijadili mtandaoni miaka mitatu."

"Mwanangu, joka hilo nililichora mimi. Nilifukuzwa kazi kabla sijafikia bawa la pili."

Fundi alicheka mpaka akakohoa. "Wachoraji wametajwa mwishoni mwa mchezo. Jina lako liko wapi?"

"Walilifuta siku ileile."

"Basi hata mwezi nimeuchora mimi!"

Miaka mitatu ya ubishi, mshonaji alijiambia, na wameuliza kila kitu isipokuwa habari za aliyelichora.

Treni ilisimama. Fundi aliteremka bila kuaga, akiwa bado anacheka. Mzee alibaki akichora bawa kwa kidole kwenye ukungu wa dirisha, na mshonaji, aliyepaswa kushuka hapohapo, hakuinuka, akamwombea kimoyomoyo.