O ya Ongeza, O ya Ondoa

Benchi la nje ya duka la fundi cherehani lina miguu mitatu na tofali moja, na jioni hiyo lilikuwa limebeba wanaume watatu na hasira za mmoja wao. Enta, fundi kompyuta wa ofisi ya vyeti vya kuzaliwa, alikuwa ameletewa barua: kesho saa tatu asubuhi ajieleze kwa maandishi kwa nini jana watu walipanga foleni kutwa nzima na hakikuchapwa cheti hata kimoja, la sivyo akabidhi funguo. Miaka sita kazini, hata onyo la mdomo hajawahi kupewa! Alikuwa amefura kweli kweli, na kikombe cha kahawa alichomiminiwa alikipokea bila kusema asante.

— Umekwama wapi? aliuliza Kipimo, mwenye duka, akifunga chupa ya kahawa.

— Hapa. "Sababu ya tukio." Niandike nini? Kwamba nimeonewa?

— Andika hivyo hivyo, kwa herufi kubwa! alidakia Spana, fundi wa magari, ambaye hana desturi ya kungoja habari iishe.

— Hebu atueleze kwanza, bwana. Sisi wa sindano hayo mambo hatuyajui.

Enta akaeleza. Kuweka programu kwenye kompyuta ile ni kuandika mstari mrefu wa amri, Kiingereza kitupu, na ukikosea kistari kimoja inakugomea. Yeye akachoka, akaitengenezea njia ya mkato ya herufi moja. Unaandika O, kisha jina la programu, basi, imeingia.

— O ya ongeza, alisema. Miaka mitatu naitumia. Mwezi uliopita kaja huyu mwenzangu mpya, tunatumia kompyuta moja, naye kaweka yake. Hakuniuliza! Mnajua kaweka nini?

— Nini?

— O! O ya ondoa!

— Lahaula! alisema Kipimo. Sasa kompyuta inamsikiliza nani?

— Aliyeandika mwisho. Jana asubuhi nataka kuongeza toleo jipya la programu ya kuchapa vyeti. Naandika O. Ikaiondoa yote, na vikorokoro vyake! Kuirudisha mpaka mtandao, na mtandao nao ukakata hapo hapo. Umerudi saa kumi, ofisi inafungwa. Halafu barua naandikiwa mimi!

Spana akapiga paja.

— Hujaona tu? Huyo kapandikizwa. Wanataka kiti chako.

— Kiti chenyewe kimechanika, alisema Kipimo. Mimi nasema ni kompyuta. Umeizoesha Kiingereza tangu inatoka kiwandani, leo unaiita kwa herufi moja. Mimi mke wangu nikimwita "we" haitiki siku mbili.

— Kompyuta haina kinyongo, Kipimo.

— Nani kakwambia? Cherehani yangu inacho.

— Basi ni kubwa kuliko hivyo, alisema Spana, sasa amesimama. Waliotunga lugha yenyewe! Maneno yote yaliyopo, "ongeza" na "ondoa" wameyaanzisha kwa herufi moja? Huo ni uzembe! Andika hapo: sababu ya tukio ni lugha. Wakaifukuze kazi!

Enta alijikuta anaafiki. Ndiyo, bwana, kwa nini abebe yeye? Akaweka barua gotini, akafungua kalamu.

Mlangoni palikuwa na mama mmoja aliyefuata sare ya mwanawe, mgeni pale. Alikuwa amewasikiliza muda wote.

— Samahani, kaka. Jana nilikuwa kwenye hiyo foleni, mtu wa kumi na saba. Nina swali dogo tu.

— Uliza, dada.

— Hii simu yangu, nikitaka kufuta picha moja tu, inaniuliza kwanza kama nina uhakika. Yenu haiulizi?

— Huuliza, alisema Enta. Tena kila mara! Ndiyo au hapana, ndiyo au hapana, inachosha. Ndiyo maana nikaiwekea ndiyo humo humo kwenye njia ya mkato, isinisumbue. Mwenzangu naye akainakili vile vile, nilimwelekeza mwenyewe.

Mama akatikisa kichwa taratibu. Hakuwa anamsuta, alitaka kuelewa tu.

— Kwa hiyo jana, ilipotaka kufuta, aliyesema ndiyo ni nani?

Spana akaketi. Kipimo akachukua futi kamba akaanza kupima kitambaa alichokwisha kukata. Enta aliitazama ile nafasi tupu kwenye barua, kalamu mkononi.

Mama akakunja sare akaiweka kwapani.

— Haya, niwaage. Kesho nina foleni.