Mikanda ya Msituni

Kijana mpima miti alijuta kuitaja kazi yake, maana mama aliyekaa naye ndani ya basi alikuwa mfuga nyuki.

"Kumbe ni wewe unayeifunga miti mikanda ya chuma! Mwaka huu miti imechanua miezi miwili mapema, mizinga yangu ikiwa bado uani, sijaitundika msituni. Nitarina nini sasa, mwanangu, vumbi?"

"Mama, mikanda inapima unene tu. Hali ya hewa imebadilika, joto linaiamsha miti kabla ya wakati."

"Wewe ukibanwa kiuno hivyo utalala?"

Kijana, aliyekuwa amelegeza mkanda wake tangu kituo cha kwanza, aliufunika kwa shati.

Basi liliposimama mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, mama alishuka, akamgongea dirishani. "Si wewe mpimaji? Niambie mikanda ina unene gani, nijue ninunue koleo gani la kuikatia."