Hafidha, Aliyewatambua kwa Mishono

Wasikilizaji wapendwa, mnaoanika dagaa pale Mwigobero, mlioko njiani kwenda Bunda, na nyinyi wa Butiama mliomaliza kukamua sasa hivi, habari za asubuhi. Sogezeni redio karibu. Leo tunamkumbuka fundi. Hafidha binti Fahadi, fundi cherehani wa Nyasura, Bunda, alifariki Alhamisi iliyopita akiwa na miaka hamsini na minane. Wengi wenu mmevaa mkono wake. Alichokifanya Kongo wanakijua wachache.

Hafidha alizaliwa Musoma mjini. Baba yake alikuwa na cherehani kwenye baraza la duka la vitambaa, na binti alianza kushona kabla miguu haijafika vizuri kwenye pedeli. Mdomo nao alikuwa nao! Mteja akilalamika gauni limembana, jibu lilikuwa tayari: "Cherehani yangu hainenepi, mama. Anayenenepa ni wewe." Kisha analifumua hapo hapo na kulipanua, maana ndani ya kila mshono aliacha akiba ya kitambaa, vidole viwili kila upande. Wanawake hunenepa, hukonda, hubeba mimba. Nguo ya Hafidha ilibadilika pamoja nao, na kila badiliko lilibaki limeandikwa ndani kwa uzi.

Aliolewa na Twalha, mfanyabiashara aliyesafirisha dagaa wa Musoma hadi mashariki mwa Kongo. Wakahamia huko. Kijiji sikitaji. Familia imeniomba hivyo, kwa sababu jamaa za Twalha bado wanaishi huko. Baada ya miaka Twalha akafariki kwa maradhi. Hafidha akabaki na binti yao wa pekee, Shamsia, akimfundisha kushona, kwanza kwa sindano ya mkono.

Vita vya kule, mnajua, ni vya miaka mingi. Vinazima huku, vinawaka kule, na watu wanalima na kuoana katikati yake. Mwaka mmoja kukawa na harusi. Wanawake kumi na wanane wakaagiza sare, kitenge cha bluu chenye maua ya njano. Hafidha akazishona zote kumi na nane, ya kwake ikiwemo. Zikiwa zimebaki siku tatu, simu ikatoka Musoma: mama yake ni mgonjwa sana. Akasafiri. Shamsia, mwenye miaka kumi na mitano, alikuwa na mitihani, akabaki kwa shangazi yake. Sare ya Hafidha ikabaki inaning'inia nyuma ya mlango.

Siku ya harusi watu wenye silaha wakaingia kijijini. Waliua watu hamsini na wawili. Narudia, wasikilizaji wapendwa: watu hamsini na wawili, wanawake, wazee na watoto waliokuja kula pilau. Wakafukiwa wote katika shimo moja.

Shamsia hakuonekana. Jirani mmoja alisema alimwona msichana akikimbilia migombani. Basi, hilo tu. Hafidha alilishika neno hilo miaka kumi na miwili. Alipiga simu kambi za wakimbizi, alituma picha, aliuliza madereva wa malori. Kaka yake, Alawi, aliyempokea Nyasura, anakumbuka.

"Simu yake ilikuwaga haizimwi," anasema Alawi. "Hata akioga, simu iko juu ya ndoo. Ukimwambia dada, tumsomee mtoto hitma, anakuwaga mkali huyo! Anakuuliza, hitma ya nani? Mtu aliye hai anasomewa hitma?"

Na sare hakushona tena. Robi Burito, mwalimu wa kwaya kule Butiama, alimfuata na mzigo wa kitenge cha wanakwaya ishirini. "Akaniambia, Mama Kwaya, sare mimi sishonagi. Nikajua huyu fundi anaringa," anasema Robi. "Nikanuna kutoka Nyasura mpaka nyumbani."

Mwaka juzi lile shimo likafukuliwa. Mifupa haina majina. Wachunguzi wakasafisha nguo zilizopatikana, wakazitandaza kwenye mikeka ukumbini, wakawaita ndugu waje watambue. Lakini ndugu wengi walikuwa wametawanyika, na wengine walikuwa humo humo shimoni. Zile sare ndizo zilizowashinda kabisa. Kitenge kimoja, maua yale yale. Wakaandika kwamba hazitofautishwi. Ndipo shemeji yake Hafidha akampigia: njoo, wewe ndiye uliyezishona.

Sasa mfikirieni mama huyu. Kwenda ni kuwapa wenzake majina yao. Lakini ni kwenda pia mahali ambapo tumaini lake linaweza kufia. Alifunga mzigo siku ile ile. "Nakwenda kwa ajili ya wenzangu," alimwambia Alawi. "Shamsia mimi simtafuti kule." Alawi akamsindikiza.

Ukumbini alivua viatu, akakaa mkekani, akachukua gauni la kwanza na kuligeuza nje ndani. Wachunguzi walikuwa wanatazama maua. Yeye alitazama mishono. "Huyu bega la kushoto liko chini, nilimwekea kitambaa kulisawazisha. Ni Flora. Huyu nimemfumua ubavuni mara mbili, ana mimba ya miezi saba. Ni Yunis." Gauni baada ya gauni, jina baada ya jina. Kufika adhuhuri alikuwa ametaja wanawake kumi na saba. Likabaki gauni moja.

Lilikuwa lake mwenyewe. Lile aliloliacha nyuma ya mlango.

Akaligeuza. Kiuno kilikuwa kimepunguzwa, na mabega pia, si kwa cherehani, kwa sindano ya mkono. Mishono midogo, iliyolingana kama punje za ulezi, na kila mwisho umefungwa fundo mara tatu, kama alivyomfundisha mtu mmoja tu duniani. Shamsia alikuwa ameipunguza sare ya mama yake ili naye apendeze harusini.

"Nikamwambia dada, inuka tuondoke," anasema Alawi. "Hakunisikia. Alipitisha kidole gumba juu ya ule mshono, polepole, mpaka ukaisha. Akasema, 'Ameshona vizuri.' Halafu akamgeukia yule mwenye karatasi. Akamwambia, 'Andika Shamsia binti Twalha, miaka kumi na mitano. Haya, lete nyingine.'"

Lete nyingine! Mimi nimeendesha kipindi hiki miaka mingi, na sijawahi kusimuliwa ushujaa kama huu. Alikaa ukumbini siku tatu. Mashati, suruali, sare za shule. Katika watu hamsini na wawili, Hafidha aliwatambua thelathini na tisa. Thelathini na tisa wakazikwa kila mtu na kaburi lake na jina lake.

Aliporudi Nyasura, hitma ilisomwa. Simu akaizima mwenyewe. Wiki iliyofuata akamwita Robi: lete kitenge chako. Akawapima wanakwaya wote ishirini, mmoja mmoja. "Vipimo vya kuandikiwa alikataa, akasema nataka kumwona mtu," anasema Robi. "Tangu hapo, mimi Mkatoliki, nilikuwaga naenda pale kukaa naye tu."

Lakini kuna jambo lililomsumbua mpaka wiki yake ya mwisho. Kumi na watatu walibaki bila majina. Walikuwa wamevaa mitumba, nguo ambazo hakuzishona. "Nilikuwa nawasalimia kila siku," alimwambia Alawi, "na nimeshindwa kuwataja."

Wasikilizaji wapendwa, yule jirani unayempungia mkono kila asubuhi, je, unamjua jina lake kamili? Unajua bega lake lipi liko chini? Wauaji wale waliingia kijijini wakaona kundi tu. Hafidha aliona mtu mmoja mmoja. Tutafakari hilo leo, tukiwa bado tunasalimiana.

Kwa Alawi, kwa ukoo wote wa mzee Fahadi, huko Musoma na Bunda, na kwa jamaa wa Twalha huko waliko, tunawapa pole nyingi. Mwenyezi Mungu awape subira. Msikitini, kanisani, popote utakapokuwa, muombee Hafidha, muombee Shamsia, na uwaombee wale kumi na watatu. Majina yao hatunayo. Waombeeni hivyo hivyo.