Bolti za Gari la Deraya

Asubuhi hiyo Cheche alifika kijiweni akiwa amenyoa ndevu, na hilo peke yake lilitosha kuzua maneno. Alikuwa fundi wa kuchomelea kwa miaka ishirini na miwili, na kesho yake saa mbili asubuhi alikuwa anaitwa kwenye usaili katika karakana ya jeshi, kule wanakovisha magari deraya, yaani ngao ya kuzuia risasi. Akajibana kwenye benchi kati ya Pindo, fundi cherehani, na Marumaru, anayetandika vigae majumbani, akapokea kikombe chake cha kahawa, akatoa la moyoni.

— Kuna swali wanalipenda sana. Deraya yao ni vipande vipande: kigae kigumu mbele, kitambaa kizito katikati, chuma nyuma. Kila kipande kinafungwa kwa bolti. Kwa nini kisichomelewe?

— Wewe unaonaje? aliuliza Marumaru.

— Mimi ningechomelea. Ndiyo kazi yangu.

— Jepesi hilo, alisema Pindo. Gari nalo lina mwili. Joto likizidi, linavuliwa koti.

— Koti la tani mbili? aliuliza Cheche.

— Ndiyo maana wanajeshi wana vifua vile.

Marumaru akatikisa kichwa kwa huruma.

— Bolti ni mtego, jamani. Adui anakuja na spana yake. Anafungua ya kwanza, ya pili, ya mia tatu. Jua linazama, mikono imekufa ganzi, anakaa chini anaomba maji. Vita vimekwisha.

— Na kama spana yake haiingii? aliuliza Pindo.

— Anarudi kwao kubadilisha. Wiki nzima hiyo.

Cheche akacheka hadi kahawa ikamtokea puani. Kicheko kile kikampandisha Marumaru mori. Akatoa kwenye ndoo yake vipande vya vigae na gundi ya kukauka haraka. Pindo akaleta vitambaa vya jinzi na yai bichi alilonunua kwa ajili ya nyumbani, liwe ndilo gari. Wakalizungushia yai vitambaa, wakabandika vigae pande zote. Gundi ilipokauka, Marumaru akalichapa nyundo moja. Kigae kikapasuka, lakini yai halikuvuja hata tone.

— Mmeona? Kesho waambie gundi, alisema akiliinua juu kama kombe.

Hapo akatokea mama mmoja aliyefuata gauni lake kwa Pindo. Akalitazama lile dude.

— Sasa hicho kilichopasuka mtakitoaje muweke kingine, bila kuvunja yai?

Marumaru akaligeuza upande huu, akaligeuza upande ule. Pindo akainua birika ajimiminie. Kahawa ilikuwa imekwisha. Cheche akaweka kikombe chini taratibu. Bolti ingefunguka tu, na kicheko kilikuwa kinampanda tena.

— Dada, alisema, kesho saa mbili asubuhi una nafasi?