Mwanya Kati ya Mbao Mbili

Sogezeni viti, wanangu. Vaileth, kaa upande huu wa sikio linalosikia; Nickson, zima hiyo televisheni. Najua mmezoea kunijibu kwa Kiingereza, lakini leo sitaki jibu, nataka masikio, maana pumzi niliyobaki nayo ni ya kusema jambo mara moja tu. Manish yuko njiani anatoka kwake Stanmore, na kabla hajaingia humu, ninyi damu yangu mjue kitu nilichomficha miaka ishirini na sita, kwa sababu nikikatika katikati ya maneno itabidi ninyi mmalizie.

La mali ni fupi. Nyumba hii ya Thornton Heath ni yenu wawili, msiigombanie. Kihamba, lile shamba letu la Machame, msikiuze. Mwacheni shangazi yenu alime mpaka Mungu atakapomwita. Karakana ya ski na mashine zake zote nampa Vaileth, na wewe Nickson usinune, maana hata msumari ukiupigilia unauomba msamaha. Dada yako ana mkono wa kazi.

Ila mkono usiojua umbo ni bure, mama, kwa hiyo shika hili. Watu wanaona mbao ya kutelezea kwenye theluji, basi. Usione vyaelea, vimeundwa. Itazame ski kutoka juu: pana mbele, pana nyuma, nyembamba kiunoni. Mtu akiilaza ubavu, yale mapana mawili yanaishika theluji, kiuno kinabonyea chini ya uzito wake, ukingo wa chuma unajipinda, naye anaufuata mpindo huo bila kuilazimisha miguu. Kiuno chembamba kinakata kona upesi. Kiuno kipana kinaelea kwenye theluji laini, lakini ni kizito kukigeuza. Ncha iliyoinuka inamsamehe anayejifunza, ila kwenye barafu ngumu haishiki sana. Mtu mzito usimpe ski laini, na mtoto usimpe ngumu, hataweza kuikunja, itampeleka inakotaka yenyewe.

Sasa itazame kwa ubavu. Ukiilaza mezani, katikati haigusi meza. Ukizikutanisha mbili tumbo kwa tumbo, unaona mwanya kati yake. Mwanya huo umetengenezwa makusudi: mtu akisimama juu yake anaukandamiza, na nguvu inakwenda mbele na nyuma, ukingo wote unang'ata barafu. Hapo ndipo nilipokosea mimi.

Nilikuja nchi hii ya Waingereza nikiwa seremala, na seremala wa kwetu kabla hajashika randa anafundishwa kwamba mbao iliyopinda ni mbao mbovu. Manish, mzaliwa wa Moshi, alinisikia stesheni nikijisemea Kiswahili mbele ya mashine ya tiketi, akacheka, akanichukua karakanani kwake, akanifundisha kunoa kingo kwa tupa na kupaka nta. Januari ya mwaka tisini na tisa alizinoa ski za binti yake, Rupal, aliyekuwa akienda mashindanoni, akaniachia nizifungashe. Nikauona ule mwanya. Nikasema, masikini Manish, mbao zimempinda na hana habari. Wallahi nilitaka kumfurahisha tu. Nikazipasha moto, nikazibana kwenye jiliwa siku tatu mpaka zikalala sawasawa na meza, nikajipongeza.

Rupal alifika kwenye barafu, ukingo haukushika, goti likavunjika; mpaka leo anapanda ngazi kwa kushikilia. Ski zenyewe zilitupwa huko huko mlimani. Manish akaamini kwamba tupa yake ndiyo iliyomuumiza mwanawe. Akaiweka chini, akaniachia karakana, na tangu siku ile hajanoa ukingo hata mmoja. Majuma mawili baadaye ikaja shehena ya ski mpya, nikaona zote zina mwanya, nikaelewa. Nikanyamaza. Nilisema kesho, na kila kesho Manish akawa ananiita ndugu yake mbele za watu, ulimi ukazidi kuwa mzito. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu, na humo humo nimewalisha na kuwasomesha. Naona haya, wanangu. Naona haya sana.

Basi sikilizeni agizo. Mficha maradhi, kifo humuumbua, nami sitaki kuumbuliwa nikiwa jenezani. Nikishindwa kusema leo, nendeni Stanmore kabla ya kunizika, mkamwambie yeye na Rupal kama nilivyowaambia, bila kunipamba. Wakiitaka karakana, wapewe, ilikuwa yao. Vaileth, usiangalie chini. Najua nimekupa sasa hivi, na sasa hivi naweza kukunyang'anya. Utaudhika, na una haki, lakini kitu cha namna ile hakirithiwi mpaka mwenyewe aseme. Na kanisani asisimame mtu kusifu ufundi wangu. Imbeni tu.

Nipeni maji... Yatosha. Mungu aliyenivusha mimi awavushe na ninyi. Mpendane. Mkikosea, semeni siku hiyo hiyo, kungali na jua. Watoto wenu wawazike ninyi... wala wasibaki na la kuficha. Hiyo ni kengele. Nickson, mfungulie.

Karibu, Manish. Kaa hapo... hapana, ndugu yangu, usinipe mkono kwanza. Pumzi imekuwa kidogo. Zile ski za Rupal... uliziacha sawa. Tupa yako haikukosea. Ni mimi niliyezibana... nikazinyoosha, nikajua, nikanyamaza. Si wewe, Manish. Hujawahi kuwa wewe... Sasa, kama bado unao mkono wa kunipa, nipe.