Bamama Walibeba Mashua Zangu Kichwani

Bwana asifiwe! Haya, mkae. Mimi ni Kambale, seremala wa milango na madirisha, wengi mnanifahamu. Nimekuja kushuhudia jinsi Mungu alivyonitoa kontenani, na ninawaambia mapema: nina hasira. Msinipigie makofi kabla sijamaliza.

Ndugu zangu, nilizaliwa Kyavinyonge, kando ya ziwa, baba akiunda mashua za wavuvi. Hapa Butembo ni vilima na vumbi tu. Donc, jioni nikimaliza milango ya watu, nilichukua vipande vya mbao nikatengeneza mashua ndogo, za urefu wa mkono. Sikuziuza. Zilinifurahisha tu! Kila moja niliiandika namba ubavuni, kwa sababu kule ziwani mashua isiyo na namba hairuhusiwi kuvua. Mlinicheka, mkaniita Nuhu. Hiyo nilivumilia. Lakini wengine wenu, kwenye chumba cha maombi, mlisema ni vyombo vya mamba-muntu, yule pepo wa majini, kwa hiyo zichomwe. Mama Kavira, ulikataa hata kunywa chai kwangu!

Vita ikatufikia. Dada yangu wa Beni alikuwa na mashua niliyompa, watoto wakaivunja. Nikaitengeneza upya: nikabadilisha mbao zilizopasuka, nikapaka rangi, nikaandika namba yake tena. Siku ya kumrudishia, kwenye barrière, kizuizi cha kutokea mjini, askari akaitoa ndani ya gunia nililobeba.

"Hii namba ni ya nini? Ni code ya waasi, bale ba mu pori?"

"Hapana, chef. Ni namba ya mashua tu."

"Mashua ku milima? Unatuona sisi batoto?"

Akaikanyaga mbele ya macho yangu. Kazi yangu yote ile! Wakanipiga, wakanitupa ndani ya kontena la chuma kambini.

Humo nilimkuta Muhindo, kijana muuza viazi wa Lubero. Kosa lake? Bote, buti za mpira! Walisema ni za wapiganaji. Ndugu zangu, ni mkulima gani wa Lubero asiye na bote wakati wa matope? Alinimegea kiazi chake cha mwisho. Akaniambia, "Yaya, mukubwa wangu, batu ya kwetu hawajue kama niko hapa." Tukaomba pamoja, joto likitukausha midomo.

Mke wangu, Masika, alipopata habari alikimbilia kwa bamama wa kanisa. Walitoa mashua zangu zote nyumbani, wakaziweka kichwani, wakavuka soko wakiimba mpaka kambini. Mama Kavira alibeba ile kubwa kuliko zote, akikemea pepo njia nzima! Wakazipanga chini mbele ya commandant, wakamwambia:

"Chef, angalia. Kila moja iko na namba. Huyu papa anacheza tu!"

Commandant alicheka mpaka machozi, akaamuru nifunguliwe. Mungu atukuzwe! Ni yeye aliyewapa wale bamama ujasiri.

Nikauliza, "Na Muhindo?"

"Nani anamujua huyo? Toka mbiyo, nisibadilishe mawazo."

Siku hiyo hiyo, Jumamosi, nikaja hapa hapa. Nikawaomba wazee wa kanisa: twende sote, tuseme tunamjua. Wazee wakajibu, "Mais Papa Kambale, tumushukuru Mungu kwanza. Tutaenda kesho, ibada ikiisha." Kesho yake mkaimba. Mkacheza! Mkatoa sadaka ya shukrani kwa ajili yangu. Tulipofika kambini, kontena lilikuwa wazi, limefagiwa; Muhindo hayumo, na hadi leo hajaonekana. Mama yake huja kutoka Lubero kuniuliza mwanawe alisema nini, alikula nini. Hiyo ndiyo hasira yangu.

Ndugu zangu, Yesu anafungua milango ya chuma, mimi ni shahidi. Mtumainini! Lakini mimi alinifungulia kwa watu waliotembea. Na leo, yule mama aliyekaa pale nyuma ni Mama Kahindo. Kijana wake alichukuliwa jana sokoni, yuko ndani ya kontena lile lile. Sisi sote tunamjua, alibatizwa hapa. Mchungaji, unisamehe, sitangoja baraka ya mwisho. Simameni, twende sasa hivi. Tutaimba njiani.