Kasiva na Kiti Kisichokaliwa

Leo Ijumaa, tarehe 30 Oktoba 2026, Bi. Kasiva Nthiwa anastaafu baada ya kuitunza Nyumba ya Penhale, hapa karibu na Mukuyuni, kwa miaka thelathini na mmoja.

Akina Penhale, walowezi kutoka Uingereza, waliijenga enzi za Malkia Viktoria. Waliiwekea ngazi ya kujipinda na meko manne ya kuota moto, kana kwamba jua la Makueni halitoshi. Bi. Kasiva aliingia akiwa mfagiaji, akapanda hadi msimamizi. Alipigana na mchwa, paa linalovuja na popo, akawashinda wote isipokuwa popo.

Lakini kilichomjengea jina ni kiti cha sebuleni, kikubwa, cha mbao nyeusi, kilichokuwa cha Bibi Penhale. Juu yake kuna kibao alichokiandika Bi. Kasiva mwenyewe: USIKALIE.

Bwana arusi mmoja kutoka Kabati, aliyekuja hapa kupigwa picha za harusi, alijaribu kukikalia. Sauti ikatoka jikoni: "Wee! Toka kwa hiyo kiti!" Picha ikamnasa hajakaa wala hajasimama, bibi arusi akicheka hadi shela ikaanguka. Tunasikia ndiyo waliyoitundika nyumbani. Mchungaji Kilonzo, jirani yetu, naye aliinuliwa. Jumapili iliyofuata alihubiri kuhusu kiburi, na Bi. Kasiva akaitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote.

Kisha akaja kitukuu wa Bibi Penhale kutoka ng'ambo, akasema kiti ni cha familia yao na atakikalia. Bi. Kasiva alitabasamu, akamwomba akibebe kwanza hadi varandani kikapanguswe vumbi, halafu akirudishe. Akaona bado kina vumbi. Baada ya safari ya tatu kijana hakutaka tena kukaa, alitaka maji.

Tulicheka sana, hadi alipotueleza sababu. Kiti hicho kilitoka stesheni ya reli kichwani mwa babu yake, mzee Nthiwa, mpishi wa nyumba hii. Mzee hakuruhusiwa kukikalia hata siku moja. Mjukuu akaapa kwamba kama babu hakukaa, hakuna atakayekaa. Hata yeye mwenyewe hajakikalia. Tumemvizia sana, tunajua.

Kwa hivyo, Mama, usihangaike kutafuta kibao chako. Tumekificha. Asante kwa kututunzia nyumba, na kwa kutufokea. Tunakuombea afya, mvua shambani kwako Kalamba, na wajukuu wasikivu kuliko popo.

Leo wageni wote watasimama, mchungaji akiwemo. Sebuleni kuna kiti kimoja tu, nawe unakijua. Kikalie, kwa niaba ya mzee.